Winga wa Boston Aliyeona kwa Jicho Moja

Na Mwalimu wa Michezo

Muhula uliopita, katika mechi yetu ya tatu ya mashindano ya wilaya, golikipa wetu aliachia magoli mawili ambayo hata mimi, kwa umri wangu huu, ningeyazuia. Yote mawili yalipita upande wake wa kushoto. Nilimkemea mbele ya wenzake, naye akanyamaza kimya. Siku ya pili jioni alikuja nyumbani kwangu, akabisha hodi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuambia jambo, lakini naomba usimwambie mtu." Jambo lenyewe lilikuwa hili: wakati wa likizo, alipokuwa akipasua kuni kwao, kibanzi kilimruka kikampiga jicho la kushoto, na tangu siku ile jicho lile halikuona ila ukungu. Miezi miwili alificha, asije akaondolewa katika timu.

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha ujinga huo. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Ni wewe, Mwalimu. Ulitusimulia habari za yule Mmarekani mweusi wa mpira wa barafu, aliyeficha jicho lake miaka yote."

Si Mmarekani, ni Mkanada, lakini saa ile sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Ni kweli nilisimulia. Ilikuwa usiku mmoja wa masomo, taa zilipozimika, nikataka kuwachangamsha vijana. Lakini nilisimulia nusu ya habari, ile nusu iliyo tamu. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe kurasa hizi niieleze yote, na wazazi nao waisome.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu barafu tumeiona katika gilasi tu, au kwa mbali juu ya Kilimanjaro. Mpira wa magongo unaochezwa juu ya majani mnaufahamu. Huu mwingine ni ndugu yake wa nchi za baridi. Kanada, wakati wa baridi, maziwa na mito huganda ikawa migumu kama sakafu, na watoto hutoka na magongo yao kama hapa watoto watokavyo na mpira wa makaratasi. Wachezaji wa kulipwa huchezea ndani ya jumba, juu ya barafu inayogandishwa kwa mitambo. Kiwanja chao kina urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nacho kimezungushiwa ukuta. Kila upande una watu sita pamoja na golikipa, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Viatuni mwao mna chuma chembamba kama kisu, ambacho ndicho huwatelezesha, na hutelezea mbio kuliko watu wengi wawezavyo kukimbia kwa miguu.

Kinachopigwa si mpira wa duara. Ni kisahani cha mpira mgumu mweusi, upana wake inchi tatu, unene wake inchi moja, na uzito wake karibu na aunsi sita. Hugandishwa kwanza kabla ya mchezo ili kisidundedunde. Mpigaji hodari aweza kukirusha kwa mwendo unaopita maili 100 kwa saa. Tena ni halali kumgonga mwenzio kwa bega ukambamiza ukutani, maadamu ana kile kisahani. Sasa fikirini kwamba katika miaka ya 1950 wachezaji hawa karibu wote walicheza vichwa wazi, bila kofia ngumu, na hata magolikipa walisimama nyuso wazi. Golikipa Jacques Plante wa Montreal alivaa kinyago usoni katika mechi ya tarehe 1 Novemba 1959, na hiyo ni baada ya kupigwa na kisahani kwanza, akashonwa, ndipo akasema harudi uwanjani bila kinyago. Ilifika mwaka 2013 ndipo ligi ikawalazimisha wachezaji wapya kuvaa kioo cha kulinda macho. (Kwa wale wanaodhani mchezo huu hautatufikia: mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu katika hoteli moja ya Nairobi, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika chama cha ulimwengu cha mchezo huo.)

Basi, Willie O'Ree alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935 katika mji wa Fredericton, jimbo la New Brunswick, upande wa mashariki ya Kanada. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Wazee wa ukoo wake walikuwa watumwa Marekani, wakatoroka wakaingia Kanada kutafuta uhuru. Mjini mwao familia za watu weusi zilikuwa mbili tu. Alianza kuteleza juu ya barafu akiwa na umri wa miaka mitatu, na alipokuwa na mitano alikwisha ingia katika timu ya watoto.

Mwaka 1949 timu yao ya besiboli, mchezo mwingine wa huko, ilishinda ikapewa zawadi ya safari ya New York. Huko walikutana na Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 alikuwa ameingia katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ligi iliyokuwa imewafungia watu weusi mlango kwa miaka mingi. Mtoto Willie alimpa mkono akamwambia kwamba yeye anacheza besiboli, lakini aupendao zaidi ni mpira wa barafu. Robinson alishangaa, hakujua kama kuna watoto weusi wanaocheza mchezo huo. Na kweli walikuwapo tangu zamani. Katika jimbo la jirani la Nova Scotia watu weusi walikuwa na ligi yao wenyewe tangu mwaka 1895. Kilichokosekana si wachezaji.

Sasa nafika kwenye jicho. Msimu wa 1955 na 1956 O'Ree alikuwa kijana wa miaka 20, akicheza katika timu ya vijana ya mji wa Kitchener. Siku moja alikuwa amesimama mbele ya goli, na mwenzake akapiga kisahani kwa nguvu. Kisahani kikagonga gongo la mtu, kikageuka njia, kikampiga usoni upande wa kulia. Pua ilivunjika, na ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga uliharibika. Alipoteza kiasi cha sehemu 95 katika 100 za kuona kwa jicho lile. Daktari alimwambia kwamba hatacheza tena. Baada ya wiki nane hivi alikuwa juu ya barafu.

Ligi ya Taifa ya Hoki, ile NHL ambayo ndiyo kilele cha mchezo huo, ilikuwa na sheria: mtu aliyepofuka jicho moja haruhusiwi kucheza. O'Ree alijua kwamba akisema tu, mlango umefungwa. Kwa hiyo alimwambia dada yake mmoja na rafiki, akawasihi wasitoe siri. Wazazi wake hakuwaambia. Mwenyewe amesimulia kwamba alipoingia timu ya wakubwa ya Quebec Aces mwaka 1956, hakuna aliyempima macho. Walimtazama anavyokimbia, wakaridhika.

Yafaa nieleze taabu aliyojitwika. Macho yetu mawili yametengana kidogo, na kila moja huona kitu kutoka pembe yake. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili, na kwa njia hiyo twajua kitu kiko karibu au mbali. Jaribuni wenyewe. Shika kalamu mbili, moja kila mkono, nyosha mikono kidogo, kisha uzigonganishe ncha kwa ncha. Utaweza. Halafu fumba jicho moja ujaribu tena upesi upesi. Nilipowajaribu Kidato cha Pili, darasa zima lilicheka, maana kalamu zilipishana kama watu wasiojuana. Mwenye jicho moja hujifunza baada ya muda kupima umbali kwa njia nyingine, kwa ukubwa wa kitu, kwa kivuli chake, kwa kugeuzageuza kichwa. Lakini kisahani kiendacho maili 100 kwa saa hakimngoji mtu ageuze kichwa.

Na kuna jambo la pili, kubwa zaidi. O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Mnaocheza namba kumi na moja katika kandanda mtanielewa upesi. Winga wa kushoto ana mstari wa pembeni mkono wake wa kushoto. Wenzake, adui zake, mpira, mambo yote yako mkono wake wa kulia. Sasa jicho la kulia ndilo lililokufa! Pasi ilikuja kutoka upande asioona, na bega la adui lilikuja kutoka upande huo huo. Ilimpasa kuzungusha shingo yote juu ya bega la kulia kila mara, huku anateleza kwa mbio, ili jicho la kushoto lipate kuona. Kwa hali hiyo alicheza miaka mingi, na watu wakadhani ni mtindo wake tu.

Nisisahau safari ya Georgia. Mwaka 1956 timu ya besiboli ya Milwaukee Braves ilimwita katika mazoezi yao huko Waycross, katika kusini ya Marekani. Aliposhuka katika uwanja wa ndege wa Atlanta alikuta milango ya choo imeandikwa, huu wa weupe na huu wa weusi. Hakuchaguliwa, akarudishwa kwao kwa basi. Kusini alikaa kiti cha nyuma kabisa kama sheria za huko zilivyotaka, na kadiri basi lilivyokwenda kaskazini ndivyo alivyosogea mbele kiti kwa kiti. Alipofika kwao alikuwa amekata shauri kwamba besiboli basi, yeye ni mtu wa barafu.

Tarehe 18 Januari 1958 mchezaji mmoja wa Boston Bruins alikuwa ameumia, nao wakamwita O'Ree kutoka Quebec aje kuziba nafasi. Mechi ilikuwa mjini Montreal, kupambana na Canadiens, timu iliyokuwa bingwa. Boston walishinda 3 kwa 0. Hivyo ndivyo mtu mweusi wa kwanza alivyocheza katika NHL, nayo ligi yenyewe ilikuwa na miaka 40 na zaidi tangu ilipoanzishwa mwaka 1917. Hapakuwa na makelele makubwa. O'Ree amesema kwamba yeye mwenyewe hakujua kama amefanya jambo jipya mpaka aliposoma gazeti siku iliyofuata. Alicheza mechi mbili, akarudishwa Quebec.

Aliitwa tena msimu wa 1960 na 1961, akacheza mechi 43. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1961, alifunga goli lake la kwanza, tena dhidi ya Montreal hao hao, nalo ndilo lililowapa Boston ushindi wa 3 kwa 2. Watazamaji wa Boston walisimama wakampigia makofi. Lakini katika miji mingine mambo hayakuwa hivyo. Alitukanwa rangi yake, na zaidi katika viwanja vya Marekani kuliko vya Kanada. Mjini Chicago mchezaji mmoja alimtukana, kisha akamchoma mdomoni kwa mpini wa gongo, meno yakamtoka. O'Ree naye akampiga kichwani kwa gongo, na vita vikaanza. Simsifu kwa hilo, wala simlaumu sana. Amesema kwamba alikwisha amua hatapigana kwa ajili ya matusi, bali akiguswa mwili atajitetea.

Hapa ndipo pananishangaza katika habari yake. Popote alipokwenda watu walimkodolea macho. Kila mtu alikuwa na neno juu ya rangi yake. Hata hivyo katika maelfu ya watu waliomtazama, hakuna aliyegundua kwamba kijana huyu haoni upande mmoja.

Msimu ulipokwisha aliambiwa kwamba atarudi. Wiki chache baadaye akapata habari kwamba amehamishiwa Montreal, nao Montreal wakamwacha katika timu ndogo, kisha akauzwa Los Angeles. Hakucheza tena katika NHL. Hesabu yake yote huko ni mechi 45, magoli manne, na pasi kumi zilizozaa magoli. Sitawadanganya kwamba hiyo ni hesabu ya bingwa. Wakati ule ligi ilikuwa na timu sita tu, na nafasi zilikuwa chache mno. Ni rangi, ni jicho, au ni uchache wa nafasi? Pengine vyote. Baada yake hakuna mtu mweusi mwingine aliyecheza ligi ile mpaka Mike Marson alipochukuliwa na Washington mwaka 1974, na mimi siamini kwamba katika miaka ile yote hakutokea hata mmoja aliyefaa.

Lakini ngojeni. Katika Los Angeles, katika ligi ya magharibi iliyokuwa chini ya NHL, msimu wa 1964 na 1965, kocha Alf Pike alimwondoa winga ya kushoto akamweka winga ya kulia. Kocha hakujua lolote juu ya jicho. Na sasa ukuta ukawa upande wa jicho lililokufa, na mchezo wote ukawa mbele ya jicho zima. Msimu ule O'Ree alifunga magoli 38, akawa wa kwanza kwa magoli katika ligi nzima! Akafunga tena 38 msimu wa 1968 na 1969, akiwa San Diego. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 1974, na akarudi kwa msimu mmoja wa 1978 na 1979, umri wake miaka 43.

Nilipofika mahali hapo katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini. Miaka minane alikuwa amecheza upande usiomfaa, na katika miaka hiyo ndimo zilimo mechi zote 45 za Boston. Neno moja tu kwa kocha lingetosha. Lakini neno hilo hilo lingemtoa katika mchezo kabisa, kwa sababu ya ile sheria. Hii ndiyo nusu ambayo sikuwasimulia vijana usiku ule. Niliwaambia ameficha akafanikiwa. Sikuwaambia kuficha kulimgharimu nini, wala kwamba aliyefanya kusema kweli kuwa hatari si yeye.

Mengine ya maisha yake nayataja kwa kifupi. Mwaka 1962 alikutana tena na Jackie Robinson huko Los Angeles, na Robinson akamkumbuka yule mtoto wa mwaka 1949. Alipoacha kucheza alifanya kazi mbalimbali, pamoja na ulinzi katika hoteli, na watu wengi walimsahau. Mwaka 1998 NHL ilimwita awe balozi wake, akazunguka miji na shule akiwafundisha mchezo watoto ambao wazazi wao hawana fedha za viatu vya barafu na magongo. Mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu siku ile ya Montreal, Boston waliiondoa namba yake 22 isivaliwe tena na mtu, jezi ikapandishwa juu darini mwa uwanja wao. Mwenyewe alitazama kwa mbali kutoka San Diego kwa ajili ya ugonjwa wa korona.

Narudi kwa golikipa wetu. Sikutunza siri yake. Nilimwambia hivyo usiku ule ule, akalia, na kesho yake nilikwenda naye hospitali ya mkoa. Baba yake alikuja kwa basi la usiku. Daktari alisema ni mtoto wa jicho aliyetokana na pigo, akamfanyia upasuaji, na akatuuliza sote watatu kwa nini tumechelewa. Baba alimtazama kijana, kijana akanitazama mimi. Nikasema kwamba mwanafunzi alidhani akisema nitamfukuza timuni, na kwamba hakukosea sana, maana mwaka juzi nilimwondoa beki mmoja kwa sababu ya goti, hata sikumwuliza linamwuma wapi. Sasa jicho laona, ingawa si kama zamani. Hatacheza muhula huu.

Kuanzia Jumatatu ya pili ya muhula, chati ya macho itatundikwa katika ukuta wa bwalo, na mstari wa chokaa utachorwa mita sita kutoka hapo. Kila mchezaji wa kila timu, wavulana kwa wasichana, ataisoma kwa jicho moja moja, na mimi nitaanza. Wazazi wenye habari ya macho, masikio au viungo vya watoto wao waniandikie, nami nitawajibu kwa mkono wangu. Hakuna atakayeondolewa katika timu siku ile. Tutakaa naye kwanza, tuone ni upande gani wa uwanja unaomfaa.